Si Kirukia

Nilikuwa nachambua kunde barazani nikamwona Menza anapita na panga na ngazi, moja kwa moja kwenye mkwaju. Menza ni mwanangu wa kwanza. Hata salamu hakutoa.

"Unakata nini?"

"Virukia, Mama. Bwana shamba amesema tuvitoe vyote, vinanyonya miti."

Kweli vinanyonya. Hapa Idsowe nani asiyekijua kirukia? Kinakaa juu ya mti usio wake, kinaingiza mizizi ndani ya tawi, kinafyonza mpaka tawi linakauka. Lakini kile alichokuwa anakitazama hakikuwa kirukia. Kilikuwa ua la Kadra.

Kadra ni mke wa Kalla, mwanangu mdogo, ambaye alichukuliwa na mto. Ni binti wa Kiorma. Watu walisema akimaliza eda atarudi kwao kwenye ng'ombe. Hakurudi, alibaki na mimi. Baada ya mafuriko alikuta mti umeanguka kando ya mto, na juu yake shada la mabua manene, akalibeba ndani ya leso mpaka nyumbani. Basi akalikarimu kama wafugaji wanavyojua: akachimba shimo, akalijaza samadi, akalipanda humo. Mabua yakaanza kulainika kama ndizi iliyoiva sana.

Nilicheka, nikamwambia, "Mwanangu, hili si la ardhini. Wewe unalizika."

Tulilitoa, tukakata palipooza, tukaliweka kivulini mpaka vidonda vikakauka. Kisha tukalifunga kwenye panda ya mkwaju, upande unaopata jua la asubuhi. Mizizi ilishika gome kwa nje tu, ndani haikuingia. Mingine ikasimama wima, myeupe kama sindano, inadaka majani makavu yanayodondoka. Hayo ndiyo chakula chake, mti haukupungukiwa kitu. Wakati wa mvua hatukuligusa. Kiangazi Kadra alilinyunyizia maji asubuhi, tena kidogo, na mabua yakishakomaa anaacha, kwa sababu ukilinywesha sana linakupa majani matupu. Miaka ikapita hivyo. Mwaka huu ndio limetoa vitumba, na kimoja kilikwisha kufunguka: manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui.

"Menza, hicho si kirukia. Shuka."

"Kinakaa juu ya mti, shamba lake hakina. Kinaitwaje basi?"

Kadra alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Menza akamtazama kutoka juu ya ngazi, akacheka.

"Usinune, shemeji. Wewe na ua lako kitu kimoja. Kirukia kimepanda kirukia."

Akakata. Shada likaanguka chini, vitumba vikavunjika. Akashuka, akaondoka na panga lake, ngazi akaiacha palepale.

Kadra aliweka mwiko chini. Aliingia ndani, nikasikia sanduku la bati linaburutwa.

Mimi watu wananiita mpole. Viboko wamekula mpunga wangu, nimepanda tena bila kelele. Siku hiyo nilizimwaga kunde, nikasimama. Huyu anayemwita mwenzake kirukia, mke wake alimkimbia kwa uvivu, na tangu hapo anakula sahani ya Kadra mchana na jioni. Nguo zake anafua Kadra.

Nikaingia. "Unakwenda wapi?"

"Kwetu, Mama. Ameshasema mbele yako, kesho atasema sokoni Garsen."

"Ukitaka kwenda, nenda kwa miguu yako, si kwa mdomo wa Menza. Lakini kwanza nisaidie. Mimi ngazi siiwezi."

Kwenye kamba ilianikwa kanzu ya Menza, Kadra aliifua asubuhi ile. Nikaitoa, nikaipasua kuanzia pindoni.

"Mama, hiyo ni ya Ijumaa."

"Najua ni ya nani. Shika huku, vuta."

Alisita kidogo. Halafu akavuta, na akavuta vizuri.

Tuligawa shada, kila fungu na mabua yake na mizizi iliyo hai, tukapaka jivu palipokatwa. Kadra akapanda ngazi, akafunga moja palepale penye panda, mengine kwenye matawi ya chini. Mimi nilishika ngazi, nikimsema Menza mpaka koo likakauka.

Jioni akaja, akakaa mkekani kama kawaida.

"Leo hakuna samaki?"

"Samaki yupo," nikamwambia. "Ila si wako."

Akageuka, akaona vitambaa vyeupe mtini.

"Mama, hiyo si kanzu yangu?"

"Ilikuwa."

"Sasa nitaswali na nini?"

"Muulize bwana shamba."

"Unanifanyia hivi kwa ajili ya mtu wa nje?"

"Wa nje ni wewe. Inuka kwenye mkeka wangu. Hapa huli mpaka umwombe radhi, na umwombe kwa jina lake."

Akamtazama Kadra, akidhani atamwonea huruma. Kadra akapakua sahani mbili, yangu na yake.

"Mabua mapya yatatoka mvua zikinyesha, Mama," akaniambia, kana kwamba Menza hayupo. "Nitayaangalia mwenyewe."

Nikaufunga mlango. Menza alisimama nje muda mrefu, nikamsikia anakohoa, anasubiri aitwe. Sikumwita.