Sungura wa Tume

Constance hakuwahi kumwogopa sungura maishani mwake. Alikwisha kuwachuna, kuwakaanga kwa kitunguu na nyanya, kuwapakulia wageni wa mumewe sikukuu ya Pasaka, na hakuna hata mmoja aliyemkosesha usingizi. Lakini Jumatano ile ya mwaka 1953, alipokuwa akikatiza mitaa ya cité Albert, kitongoji cha Waafrika, amemshika mtoto wake Annie mkono kwenda kuchagua sungura wa kucheza naye, jasho lilimtoka kama mtu anayepelekwa kwa hakimu.

Sungura wa kucheza naye! Hebu fikiria. Mnyama wa kulishwa majani, kubembelezwa, kupewa jina, halafu asiliwe. Wazo hilo lililetwa na Dominique, rafiki wa mumewe. Dominique alikuwa ameshapata ile kadi ambayo Clément, mume wa Constance, aliililia mwaka mzima: kadi ya watu waliostaarabika, kama serikali ya Wabelgiji ilivyopenda kuwaita. Ukiwa nayo polisi hawakusumbui ovyo, na mtoto wako anaweza kuombewa nafasi katika shule ya maana. Ila kabla hujaipata, tume inakuja nyumbani kwako. Inafungua kabati, inakunjua mashuka, inaangalia kama mke anakula mezani na mumewe. Inaingia mpaka chooni, jamani, inanusa.

“Kwangu, ule madame ya tume aliuliza mutoto, unapenda nini mu hii nyumba?” Dominique alisimulia huku akikoroga chai yao kwa raha ya mtu aliyekwisha kuvuka mto. “Mutoto akaonyesha kambwa yake. Madame akafurahi, akaandika! Alors, na beye mutafute kitu ya mutoto. Hata lapin. Mais haiko ya kula, hein!”

Clément alicheka. Dominique naye alicheka, kisha akaacha kucheka.

“Na muangalie mambo ya bantu ba famille. Beko banataka baba, mama, na batoto ba kuzaa benyewe. Kuko muntu mumoya aliandika mutoto ya dada yake sawa mutoto yake. Balijua. Jina yake balitosha mu liste ya kadi, na mutoto balimupandisha mu train, arudi ku mugini, ku kijiji yabo.”

Constance aliyekuwa amesimama na birika alikaa chini bila kuambiwa.

Annie hakutoka tumboni mwake. Aliyemzaa ni Virginie, mdogo wake Constance, kule Kabalo. Homa ilimwondoa Virginie mtoto akiwa na miaka mitatu, na Constance, ambaye yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa, alipanda treni akaenda kumchukua. Basi, yakaisha. Hakukuwa na karatasi wala maswali. Kwao mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na mama mkubwa ni mama. Tangu siku aliposhuka naye stesheni hakuna jirani aliyemwita vingine ila Mama Annie. Ndiyo maana fomu ilipouliza watoto, Clément aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa karani: Annie, binti yetu. Hakusita, wala haikumpitia akilini kwamba ameandika uongo. Lakini fomu ile haikutungwa na watu wa Kabalo.

“Baba Annie, tuombe ile fomu baturudishie,” Constance alimwambia mgeni alipoondoka.

“Nikiomba bataniuliza juu ya nini. Niseme nini?” Clément alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya magoti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kitu gizani. “Jumamosi banakuya. Weye fundisha mutoto tu. Na ile lapin, muende mutafute.”

Basi ndiyo safari hiyo. Mfuga sungura alikuwa Mbemba mmoja mzee, Tata Mwaba, yaani Baba Mwaba, aliyetokea pande za Mokambo, na uani kwake vizimba vya mbao za makasha vilipangwa mpaka ukutani. Mkono wa Constance uliingia kwenye kizimba cha kwanza wenyewe, kwa mazoea, ukapapasa mgongo, ukaminya mapaja.

“Huyu iko na nyama,” alisema.

“Ya kula Dimanche?” Tata Mwaba aliuliza.

“Hapana, tata. Ya... ya kucheza na mutoto.”

Mzee alicheka mpaka akashika mlango wa kizimba. “Ya kucheza! Mama Annie, na beye munakuwa bazungu? Mutamununulia na soksi?”

Siku nyingine Constance angemjibu, na angemjibu vizuri, maana ulimi alikuwa nao. Siku ile alitabasamu tu kwa shida. Alitaka kuchagua haraka na kuondoka. Macho yake yalikuwa kwa sungura mmoja mweupe, safi kama shuka la harusi. Huyo, alijisemea, hata madame atampenda.

Annie hakuwa na haraka. Alipita kizimba kwa kizimba, mikono nyuma, kama ndiye tume yenyewe. Alifika kwenye kizimba cha pembeni, ambamo sungura jike wa kijivu alilala na watoto sita wa kijivu, na wa saba wa rangi ya udongo.

“Tata, huyu juu ya nini haiko sawa na bengine?”

“Ule haiko yake,” alisema Tata Mwaba. “Mama yake alikufa, yeye na siku mbili tu. Nikamutia kwa huyu.”

“Na huyu akamupenda?”

“Hakujua! Nilimupangusa na manyasi ya kitanda ya huyu mama, nikamutia na mukojo yake kidogo, mpaka harufu ikakuwa moya. Lapin haangalie na macho, anaangalia na pua.” Alijigonga pua kwa kidole. “Kama harufu haiko sawa, anamuluma. Asubui unakuta mutoto amekufa.”

Constance alisahau jua la saa sita. Aliona chumba chake, meza yake, na watu wageni wakizunguka na pua zao. Aliogopa waziwazi, akataka kukimbia.

“Tukamate ule mweupe,” alisema. “Iko muzuri, Annie. Angalia masikio yake.”

“Ule mweupe iko na mama yake, pale.” Annie alionyesha. “Tutamutosha namna gani kwa mama yake? Huyu hana. Huyu tunaweza kubeba.”

“Annie, nimesema ule mweupe.”

Mtoto hakulia. Alisimama tu mbele ya kizimba, mikono nyuma, akimtazama yule wa rangi ya udongo, na Constance alijua kwamba akimvuta kwa nguvu atapiga kelele, na kelele zitaleta majirani, na majirani wana midomo. Walitoka na yule wa rangi ya udongo ndani ya kikapu. Njia nzima wanawake waliokuwa wakichota maji bombani walimtania: “Mama Annie, ya Dimanche? Tukuye na ugali?” Aliwapungia mkono bila kusimama.

Alhamisi na Ijumaa alimfundisha. Alimweka Annie katikati ya magoti yake, akawa anamsuka na kumuuliza.

“Mama yako nani?”

“Ni weye.”

“Jina yake?”

“Mama Constance.”

“Na uko na mama mwingine?”

“Mama Virginie wa Kabalo. Iko mbinguni.”

Mkono wa Constance ulivuta nywele kuliko alivyokusudia. “Hapana! Hakuna Kabalo. Hakuna mama mwingine. Ukisema ile jina, bazungu batakukamata, batakutia mu train peke yako. Unasikia? Peke yako.”

Hata sala ya jioni aliikata. Kila siku, tangu Kabalo, mtoto alikuwa akipiga magoti na kumwombea Mama Virginie, na ni Constance mwenyewe aliyemfundisha. Alhamisi Annie alipofika mahali pale, Constance alimwekea kidole mdomoni na kusema amina. Mtoto alifumbua macho akamtazama, akangoja, akapanda kitandani na sungura wake. Kufikia Ijumaa jioni alikuwa akijibu yote sawasawa, bila kuinua uso. Constance alifurahi, na papo hapo alijisikia vibaya sana, akaenda kusugua sufuria ambazo alikwisha kuzisugua.

Jumamosi saa tisa walifika watu watatu. Mbelgiji mwembamba mwenye daftari. Madame mwenye kofia. Na wa tatu alikuwa Mwafrika, Alphonse, bwana wa suti na miwani, mwenye kadi yake tangu zamani. Constance alipowaona tu mlangoni alijua nani wa kuogopa. Wazungu wale wangeangalia uma. Huyu angeangalia watu, na aliposalimu, matamshi yake yalikuwa ya kaskazini, ya kwao Kabalo kabisa.

Daftari lilizunguka. Kabati, sawa. Mashuka, sawa. Clément alijibu kwa Kifaransa cha kunyooka, shati limemganda mgongoni. Chooni walienda, wakarudi. Alphonse alisimama mbele ya picha ya harusi ukutani, kisha akamgeukia Constance.

“Mama, mutoto ni huyu mumoya tu?”

“Ni huyu, tata.”

“Miaka sita. Na bengine, kiisha yeye?”

“Mungu hajatoa.”

“Ah.” Alitazama picha tena, akamtazama Annie kupitia dirisha. Hakuandika kitu. Constance angependa aandike. Kalamu angalau ungeiona.

Uani, Annie alikuwa amekaa juu ya kigoda na gauni lake la Misa, amempakata sungura. Madame alichuchumaa mbele yake, kofia na yote, na uso wake ulikuwa mwema. Hilo nalo lazima lisemwe, alikuwa mama mwema. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni:

“Oh, lapin muzuri! Na mama yake iko wapi?”

Constance alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Swali hilo hakumfundisha. Alimfundisha yote mengine, kitanda, meza, sala, uma, na hakufikiri hata mara moja kwamba mtu angemuulizia sungura mama yake.

Annie alimkaza sungura kifuani. 

“Hana mama,” alisema.

“Pauvre petit, maskini! Alikufa?”

“Hapana! Hakuna mama alikufa!” Sauti ya mtoto ilipanda ikapasuka. “Hakuna Kabalo! Hakuna Mama Virginie! Hakuna! Hakuna!”

 Constance alilishika sinia la vikombe kwa mikono miwili. Clément alifumba macho. Madame, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimeishia pale, alimgeukia Alphonse na kumuuliza kwa Kifaransa mtoto anasema nini.

Alphonse alivua miwani. Aliifuta kwa leso, kioo kimoja, halafu kingine, na Constance alimtazama mdomo kama mtu anayetazama mkono wenye fimbo. Alikuwa amesikia Kabalo. Alikuwa amesikia Virginie. Mtu wa kaskazini hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

“Anasema sungura ni wa hapahapa mjini, madame,” Alphonse alijibu kwa Kifaransa, polepole. “Anaogopa mtamchukua.”

Madame alicheka kwa huruma, akampapasa Annie shavuni, akamwambia mwenye daftari aandike kwamba mtoto ana upendo mwingi. Mwenye daftari akaandika.

Walipokuwa wakitoka, Alphonse alibaki nyuma hatua mbili. Hakumtazama Constance usoni. Alisema kwa sauti ya chini, “Mama, ule mutoto, mumuache alie mama yake.” Akavaa miwani, akawafuata wenzake.

Clément aliegemea mlango mpaka gari lilipopinda kona. Halafu alicheka, akajifuta macho, akasema kadi imepatikana, imepatikana kabisa, akavaa kofia mbio kwenda kumwambia Dominique.

Constance aliweka sinia chini. Annie alikuwa bado juu ya kigoda, ameketi wima, na gauni la Misa lilikuwa limelowa mkojo mpaka chini. Constance alipiga magoti mbele yake palepale kwenye udongo. Machozi yalimtoka bila aibu. Alitaka kurudisha siku mbili zile, kila fundo la nywele, kila neno.

“Bamekwenda, mama,” alimwambia. “Bamekwenda bote. Sasa unaweza kusema. Sema jina ya mama yako Virginie, tumuombee, weye na miye. Sitakasirika. Hakuna muntu atakubeba.”

Mtoto alitazama mlango. Alimtazama Constance, kwa makini, kama anayetafuta mtego uko wapi. Akamkumbatia sungura kwa nguvu zaidi, akainamisha kichwa.

“Mama yangu ni Constance,” alisema, “madame.”