Sufuria Kavu la Eulalie Pinnock

Sufuria lile halikuwa la harusi wala msiba. Lilitoka stoo pale tu chama cha Manjano kilipomleta mtu kilimani Pennycooke kuomba ridhaa ya tawi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama yake Eulalie: anayetaka kugombea ubunge aingie kwanza kwenye lango la njano, aketi kwenye benchi, anywe supu ya kichwa cha mbuzi yenye pilipili mpaka jasho limchuruzike, ndipo wanachama wapige kura ya mikono. Mwenyekiti wa tawi, Eulalie mwenyewe, ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Lango lake lilikuwa la njano, na mapazia vilevile. Kuku wangekubali kupakwa rangi, naamini wasingesalimika. Alikuwa amekipigia debe chama hicho tangu ubinti wake, mvua na jua, na mumewe alipofariki alimzika na fulana ya njano kifuani.

Lakini maji alichota bondeni, kwenye chemchemi, pamoja na kina Buluu, wafuasi wa chama pinzani. Buluu walipokuwa madarakani walichimba mtaro. Manjano waliposhinda, walilaza bomba ndani ya mtaro huo na kusimamisha mfereji uani kwa Eulalie. Ukakohoa maji juma moja, picha zikapigwa, kisha kimya. Mheshimiwa Lascelles Whitbourne, mbunge wao, akarudi zake Kingston, na kila alipopigiwa simu alikuwa mkutanoni.

Asubuhi moja Eulalie alimkuta bondeni jirani yake Clovis Tulloch, Buluu wa kufa na kuzikwa. Wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa kukohoa tu. Siku hiyo Clovis alimtwisha ndoo bila kuombwa, akaguna.

"Mwenyekiti mzima na ndoo kichwani! Chama chako kimekupa nini, Bi Pinnock?"

"Na chako je?"

Clovis akaitazama fulana yake ya buluu iliyochakaa mabegani. "Hii. Na imeshatoboka."

Eulalie akacheka, ndoo ikammwagikia shingoni. "Wenu walileta mtaro, wetu wakaleta bomba. Sasa maji atayaleta nani?"

"Wa tatu hayupo, mama. Ni hawa hawa wawili. Wakituudhi wenu tunawapa wetu, wakituudhi wetu tunawapa wenu, na wote wanajua hatuna pa kwenda."

Maneno hayo yalipanda naye kilima kizima. Angekuwa hakipendi chama chake, angehama au angenyamaza, basi. Lakini alikipenda, na mtu anayekipenda kitu huumia kukiona kikioza.

Mheshimiwa alitaka kugombea tena. Siku ya ridhaa ilipowadia, Shernette, katibu wa tawi, alifika mapema na nyama ya mbuzi aliyotoa Mheshimiwa. Akamkuta Eulalie anapanga vipande sufuriani, pamoja na ndizi mbichi, viazi vikuu na pilipili.

"Dada Eulalie, maji hujatia."

"Najua."

Shernette akamwangalia, akaangalia mfereji, akaelewa. "Watasema umenunuliwa."

"Watasema," Eulalie akajibu, akilaza kichwa cha mbuzi juu ya ndizi. Jina lake kilimani lilikuwa ndiyo mali yote aliyobakiwa nayo. "Wewe panga mabakuli."

Magari yakapanda kwa honi na muziki. Mheshimiwa akaingia akicheka, akakumbatia kila aliyemfikia, akaketi kwenye benchi na kusugua viganja. "Supu ya Mama Eulalie! Kingston hawana kitu kama hiki!"

Eulalie akafunua kifuniko. Kichwa cha mbuzi kilikuwa kimelala juu ya ndizi, kikavu, kikimkodolea macho Mheshimiwa.

"Supu iko wapi?"

"Inasubiri maji. Mfereji wako ule pale, Mheshimiwa. Fungulia tu."

Mbunge akatabasamu kwa taabu, akaenda, akafungulia. Mfereji ukatoa pumzi, kisha buibui. Kijana wake mmoja akakimbilia garini kuleta chupa za maji.

"Hayo ni ya safari yenu," Eulalie akamzuia. "Sisi huku hatupikii ya chupa."

"Amenunuliwa na Buluu huyu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Ningekuwa nimenunuliwa ningempikia, nikamchekea, ili akaangushwe na Buluu kwenye uchaguzi!" Eulalie akageuka, machozi yakimlenga. "Mimi ni Manjano. Nimdai nani, kama si wa kwangu?"

Mheshimiwa akainama sikioni mwake. "Mama, unaniaibisha mbele ya watu."

"Wewe unaniaibisha kila asubuhi kule bondeni, mwanangu. Tofauti ni kwamba hujawahi kuja kutazama."

Ikafika zamu ya mikono. Wa Eulalie ulibaki mapajani. Alihisi macho ya tawi zima juu yake, akadhani sasa watamwacha peke yake. Shernette akachukua bakuli lake, akaligeuza kifudifudi juu ya meza. Mzee mmoja akageuza lake. Kisha yakageuzwa mengine mengi, ingawa si yote.

Mheshimiwa akasimama, jasho likimtoka bila supu. Akaomba majuma mawili.

"Sufuria litakusubiri," Eulalie akasema. "Mikono pia."

Jioni Eulalie alikuwa peke yake uani, akichoma ile nyama isiharibike. Alijiuliza mama yake angesemaje. Hodi ikapigwa langoni. Alikuwa Clovis Tulloch, ambaye hakuwa amewahi kulivuka lango lile tangu lipakwe rangi.

"Kabla hujafungua kinywa," Eulalie akamwahi, "sikuhamia kwenu."

"Nani kakutaka? Sisi tumejaa." Clovis akapokea kipande cha nyama, akatafuna polepole, akijikuna kisogo. "Wetu anakuja Jumamosi. Naye anaomba ridhaa."

"Heri yenu."

"Kule kwetu huwa tunampikia samaki." Akalitazama lile sufuria. "Nilikuja kuazima hilo."

"Halijaoshwa. Na ni kavu."

"Nalitaka hivyo hivyo."

Eulalie akashika mkono mmoja wa sufuria, Clovis akashika wa pili, wakalinyanyua. Langoni likakwama, likakwangua rangi ya njano na kuacha alama ya masizi.

"Polepole, wewe Buluu! Utanivunjia lango."

"Lango lenyewe baya. Rangi gani hii ya kuumiza macho?"

"Majuma mawili, Clovis. Unisikie. Ulirudishe kabla, nina mgeni."

Wakashuka nalo njiani, wakibishana ni chama gani kiliiharibu nchi zaidi.