Nusu ya Maji

Nilivuta trela yangu ya kulala kwa gari, peke yangu, siku nne, kutoka Ohio hadi jangwa la Utah, Marekani, nikaone tao moja la mwamba. Kanuni ya kutembea jangwani mwezi Julai ni fupi: nusu ya maji ikiisha, geuka. Yangu yalifika nusu ilipotimu saa tatu asubuhi, tao sijaliona.

Duane, jirani yangu wa kambini, alinicheka njiani. "Bi Verna, zimebaki dakika kumi tu! Miaka sabini bado unaogopa kufa?"

"Kufa siogopi. Naogopa kubebwa na wewe."

Nikageuka. Saa nane mchana askari wa hifadhi wakamshusha kwa machela, midomo imepasuka. Akaninyooshea simu anionyeshe picha ya tao.

"Duane, hili ni dole gumba lako. Kesho nitakwenda mwenyewe."