Saa Iliyogonga Sita Mchana

Ngoo. Mlio wa saa ya mnarani ulipita juu ya mapaa, ukaingia ukumbini, ukafuatwa na mwingine, na mwingine tena. Mama Funguo, mgawa funguo za vyumba, kichwa kikiwa bado ndani ya kabati la chini ya kaunta, akahesabu milio mitatu. Saa tatu asubuhi. Alipoinuka, meneja wa hoteli alikuwa amesimama mbele yake, tai imemkaba, na uso umemkaba zaidi.

"Umeisikia hiyo?"

"Tangu nizaliwe, bosi."

"Mgeni wa ghorofa ya nne naye kaisikia. Kachungulia dirishani, kaona mshale uko kwenye tatu, akadhani kalala mpaka alasiri. Kashuka na masanduku yake anahema, anasema ndege imemwacha."

"Yuko wapi sasa?"

"Anakunywa chai. Yeye anacheka. Mimi sicheki."

Kwingine kote nchini, mdomo ukisema saa tatu mshale hukaa kwenye tisa, na watu wamezoea, kama walivyozoea wifi anayesema hili akimaanisha lile. Lakini saa ya mnara ule, ng'ambo ya bustani, ilisema kama mdomo unavyosema. Jua likifika utosini, mshale ulisimama kwenye sita na kengele ikagonga sita.

Chanzo chake kila mtu alikijua. Saa ilikuwa imekufa miaka mingi, akaitwa fundi saa kuifufua. Mkubwa mmoja akamwagiza kwa simu: mchana uiweke saa sita kamili. Fundi akaiweka kwenye sita. Mji mzima ukacheka. Wakubwa waliona haya, kisha wakaona uvivu, kisha wakahamishwa, na saa ikabaki ilivyo. Fundi huyo alikuwa baba yake Mama Funguo. Shuleni walimwita Binti Sita, naye alipigana mara nyingi kwa jina hilo, akashinda chache.

Meneja alinyoosha kidole kwenye ubao ulio karibu na lifti, wenye maandishi makubwa, VIVUTIO KARIBU NASI, na picha za bustani, makumbusho, daraja la zamani, soko la maua na mnara. Kila mchana Mama Funguo aliwatembeza wageni huko, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa akimtembelea baba yake. Kwenye benchi la bustani ndipo alipomfundisha kupiga mluzi. Darajani alimbeba mabegani ili aone treni ikipita chini. Katika soko la maua alizoea kuokota waridi lililovunjika shingo, akampelekea mama akisema amelinunua, na mama akijifanya ameamini. Lakini mnarani hakwenda kumkumbuka. Mnarani alimsikia.

"Mji umeleta fundi," meneja akasema. "Leo inageuzwa, iwe kama saa za watu. Nimeambiwa ufunguo wa mnara uko kwenu. Ulete kabla ya saa sita."

"Saa sita ya nani, bosi?"

Meneja akaenda kumpigia fundi simu.

Fundi mgeni alikuwa mtu mzima mwenye mvi chache na mkoba wa zana, mpole wa maneno. Adhuhuri ilipokaribia, Mama Funguo alikatiza naye bustani, wakapanda ngazi mpaka chumba cha mama yake mzazi, chumba cha dirisha moja, na dirisha lenyewe limeutazama mnara. Mama alikuwa akishona vifungo kwenye shati. Ufunguo ulining'inia ukutani, juu ya koti la marehemu baba ambalo hakuna aliyethubutu kuliondoa.

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Huo mkoba nao uketishe, unaonekana umechoka kuliko wewe."

Binti akaeleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo mmekuja kumgeuza mume wangu."

"Mama, ni kosa la baba tu linarekebishwa."

"Kosa?" Mama akaweka shati chini. "Baba yako akosee saa? Yule aliyekuwa akimsimamisha jirani njiani, anamwambia saa yako ya mkononi inakohoa?"

Mama akautazama mnara dirishani.

"Nilikuwa kiwandani, nashona vifungo hivi hivi. Kusoma sikujua. Kuhesabu nilijua. Baba yako akaniambia, tukutane chini ya mnara saa sita. Siku hizo ilikuwa inagonga kama saa za watu. Mimi nikangoja milio sita. Ikagonga jua likizama. Nikaenda zangu, nimejipaka mafuta, nimependeza kama sikukuu. Nikamkuta kasimama, midomo imekauka."

"Tangu mchana?"

"Tangu mchana. Akaniuliza, ulichelewa wapi? Nikamwambia, sita imegonga sasa hivi, wewe ndiye umewahi. Akanitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa chini barabarani. Akasema, siku nikiishika saa hii, itasema tunavyosema sisi, asingoje mtu tena hivi."

"Mbona hakuwaambia watu? Wamemcheka mpaka kaburini."

"Angewaambia, wangejua mkewe hajui kusoma. Akaona heri wamcheke yeye."

Mama Funguo aligeuza uso dirishani. Alizikumbuka ngumi zote alizorusha uwanjani kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa kosa, na akaona zilikuwa chache.

Mama akainuka, akautoa ufunguo msumarini, akautia mkononi mwa binti. "Mpe. Kazi ni kazi, na siku hizi mimi nasoma hata magazeti. Ila ikianza kugonga kumi na mbili mchana, nifungieni dirisha."

Wakati huo huo kengele ikaanza. Wote watatu walihesabu, midomo ikitikisika bila sauti, mpaka mlio wa sita ukafifia juu ya bustani.

"Nimeletwa kurekebisha kosa," fundi akasema taratibu. "Nami sijalisikia. Nitawaambia wakubwa wa mji saa ni nzima. Lakini bosi wako ndiye aliyelalamika, na atalalamika tena."

"Huyo niachie mimi."

Waliporudi, meneja alikuwa mlangoni mwa hoteli, anatazama ng'ambo.

"Mgeni wa ghorofa ya nne yuko wapi?" Mama Funguo akamuuliza.

"Kule." Sauti ya meneja ilikuwa imepungua. "Anaipiga picha. Kawaita na wenzake wawili, anawaeleza alivyokimbia na masanduku. Bustani wameipita kama hawaioni."

Wakaingia ndani wote watatu. Mama Funguo akauweka ufunguo kwenye kaunta, lakini kiganja hakukiondoa juu yake.

"Bosi, sikiliza, na fundi huyu awe shahidi. Kuanzia leo, hakuna mgeni atakayepewa ufunguo wa chumba kabla sijamtoa hapa mlangoni nikamfundisha kuisoma saa ile, na nikamwambia ni nani aliyesimama chini yake mchana kutwa. Akitokea hata mmoja akakosa ndege kwa ajili yake, nitapanda mnarani mwenyewe na kuigeuza kwa mkono wangu. Nakuahidi."