Kichupa cha Jirani

Mama Mapazia alisimama mlangoni, kichupa cha insulini amekiviringisha kwenye kitambaa kilicholowa maji. Fundi alikuwa amemwona tangu anakata kona, lakini aliendelea kukanyaga cherehani. Asimame kwanza, miguu imuume.

"Dada yangu," Mama Mapazia alisema, "naomba uniwekee kwenye friji."

Dada yangu! Tangu lini? Miaka sita nyuma, Fundi ndiye aliyekuwa akibisha mlango wa huyu huyu asubuhi na jioni. Yeye pia ana kisukari, na kliniki ilimpa insulini ya mwezi mzima, ila chumba chake cha bati kiliwaka joto, na friji la karibu lilikuwa la jirani mwenye mapazia mazito kila dirisha, mapazia ambayo Fundi mwenyewe aliyashona. Alisubirishwa kizingitini hadi watu wamalize kula. Siku moja jirani akawa na sherehe. Akakitoa kichupa ili soda zipate nafasi, akakisahau dirishani, juani, siku nzima. Jioni akamkabidhi kikiwa vuguvugu, akasema umeme ulikatika. Fundi hakuwa na kingine, akajidunga hicho hicho. Kidonda alichokuwa nacho mguuni kikachachamaa, vidole viwili vikakatwa, tena vya mguu wa kukanyagia. Habari za dirishani alikuja kuzisikia baadaye, kwa dada wa kazi. Alipokwenda kuuliza, alijibiwa kwamba friji la watu si hospitali.

Jibu hilo alilitunza miaka yote. Alikuwa amepania kulirudisha neno kwa neno siku dunia ikigeuka, na sasa ilikuwa imegeuka: mume wa jirani kaachishwa kazi, friji limeuzwa, kisukari kimepiga hodi. Fundi naye alikuwa na friji lake, kuukuu, lenye kelele, alilolipata kwa kushona sare za shule hadi macho yakamuuma. Lakini neno tupu lilimtosha nini? Alitabasamu, akapokea kichupa.

"Lete, jirani. Njoo jioni."

Hakukiweka kwenye rafu. Alikisukuma kwenye friza, kwenye barafu kabisa. Nesi alikuwa amemfundisha kwamba insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Mchana wote alishona akiimba, na moyo wake ulikuwa mweupe kwa furaha. Alasiri akakitoa, akakianika mezani hadi kikayeyuka. Ungekitazama ungeapa hakijaguswa.

Jioni Mama Mapazia alikuja na bomba lake la sindano. Alishukuru mno, hadi Fundi akaona kero. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake wa kulia, na Fundi akaona umefungwa kitambaa cha kijani. Kilikuwa kipande cha pazia. Pindo lilikuwa bado lina mshono wa Fundi mwenyewe, ule wa kurudia mara mbili usiofumuka.

"Kidonda cha lini hicho?" aliuliza.

"Wiki ya tatu. Hakitaki kufunga."

Bomba lilikuwa limeshajaa dawa ya kile kichupa. Mama Mapazia alifunua tumbo, akabana ngozi kwa vidole viwili.

"Usichome," Fundi alisema.

"Kwa nini?"

"Imekufa. Niliigandisha mwenyewe, makusudi."

Mama Mapazia alimtazama usoni, kisha akamtazama mguuni, pale palipokosa vidole. Alimwaga dawa chini taratibu.

"Sina nyingine hadi mwisho wa mwezi," alisema.

"Najua."

Kwenye rafu ya friji kulikuwa na kichupa kimoja kisichoharibika, cha Fundi, kimefika nusu. Wote wawili walikijua. Mama Mapazia hakukiomba. Aliinuka, akaenda kuketi kizingitini kusubiri.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na shuka la kupinda, na pindo lilikuwa refu. Alilishona lote bila haraka, mguu mbovu ukikanyaga, na kila alipoinua macho alimkuta jirani yake yuko pale pale, bomba tupu mkononi.