Boliti Sita za Kaza

Asubuhi ile muuguzi alipiga magoti uani kando ya pikipiki yake ya magurudumu manne, na kabla chai haijachemka jikoni alikuwa ameshaharibu boliti tatu.

Hakuwa mzembe. Kwa miaka sita alikuwa akipanda mlimani na kasha la chanjo limefungwa nyuma ya kiti, akipita nyumba kwa nyumba kuchanja watoto. Kiangazi pikipiki ilipanda bila taabu. Masika, njia ikigeuka tope, ilibidi ibadilishwe sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo: ndogo inatoka, kubwa inaingia. Kubwa huipunguzia pikipiki mbio, na kuiongezea nguvu. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, na mumewe alikuwa amefariki miezi kumi iliyopita, kwa homa ya siku nne. Mawingu hayakungoja mtu amalize kulia. Yalikuwa yameshaanza kujikusanya juu ya mlima.

Marehemu alikuwa fundi, mwana wa fundi, na watu walimwita Kaza, kwa kuwa alichokifunga yeye hakikufunguka. Hata mfuniko wa kopo la sukari, akiufunga Kaza, nyumba nzima ilikunywa chai chungu mpaka arudi kutoka kazini. Boliti sita za sproketi alizikaza mwenyewe masika yalipokwisha mwaka jana, akazipaka kila moja nukta ya rangi nyekundu, kama alivyozoea, kuonyesha kwamba hiyo imeshakazwa.

Muuguzi alichukua spana kwenye sanduku la mumewe, akavuta kwa uzito wake wote. Spana ikateleza. Akavuta tena. Alipokuja kuangalia, kichwa cha boliti kilikuwa kimelika pembe zote sita, duara kama kifungo cha shati. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alijua itakuwaje, lakini alikuwa ameshapandwa na hasira.

Mama mkwe alimkuta ameshika tama.

"Umeumia?"

"Bora ningeumia mimi, mama."

Baba mkwe aliitwa. Alikuwa fundi mkongwe, mwenye vidole vinene vilivyokolea mafuta tangu ujana, lakini tangu mazishi hakuwa ameufungua mlango wa karakana yake. Alichuchumaa, akapapasa boliti kwa dole gumba.

"Spana namba ngapi hii?"

"Kumi na nne, baba."

"Boliti ni kumi na tatu." Hakufoka. "Kwa nini hukuniita?"

"Sikutaka kukusumbua."

Dole gumba la mzee lilikuwa limesimama juu ya nukta nyekundu ya boliti ya nne, ambayo haijaguswa.

"Pita njia ya bondeni," akasema hatimaye.

"Njia ya bondeni haifiki nyumba za juu."

"Pita njia ya bondeni, mwanangu. Hizi zikiguswa tena zitakatika." Akainuka, akaingia ndani.

Mkwe habishani na baba mkwe. Lakini kadi za watoto wa juu alikuwa nazo yeye, na tarehe za chanjo hazihami. Siku ya tatu mvua ikanyesha, naye akaenda hivyo hivyo na sproketi ndogo. Katikati ya mwinuko magurudumu yalianza kuzunguka pale pale, yakijichimbia shimo, mpaka pikipiki ikalala kwa tumbo kwenye tope. Akashusha kasha, akajitwika kichwani, akapanda kwa miguu. Alifikia nyumba kumi na moja. Barafu ndani ya kasha ikayeyuka kabla hajafika kwenye nne za mwisho, na dawa ikipata joto haifai tena. Ilimbidi awaambie mama wanne, waliokuwa wakimsubiri mlangoni na watoto mgongoni, kwamba leo haiwezekani.

Wanaume wanne walimsaidia kuivuta pikipiki. Alirudi nyumbani alasiri, tope mpaka mapajani, kiatu kimoja. Mama mkwe alileta beseni la maji ya moto, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kumwosha miguu kama anavyooshwa mtoto. Muuguzi alitaka kukataa, akaishia kumpa mguu wa pili. Mzee aliwaona kutoka mlangoni, akageuka.

Ukuta wa chumba cha wazee ulikuwa mwembamba. Muuguzi alikuwa amejilaza kwake, akasikia.

"Zile boliti hazitoki kweli?" Mama mkwe aliuliza.

"Sikusema hazitoki. Nilisema zitakatika."

"Wewe umetoa boliti zilizolala kwenye kutu miaka ishirini."

Halafu sauti ya mzee, ndogo, ambayo muuguzi hakuwahi kuisikia: "Mkono wake wa mwisho uko pale. Gari zote alizotengeneza zimekwenda na wenyewe. Zile sita ndizo zilizobaki zimekazwa na yeye. Nikizifungua nabaki na nini?"

"Unabaki na mimi. Na unabaki na yule mtoto aliyerudi na kiatu kimoja."

Kesho yake bawaba za karakana zililia. Muuguzi alitoka akijifunga kitambaa kichwani, akamkuta mzee anafagia.

"Lete pikipiki," akasema. "Na wewe usikae mbali. Leo unajifunza."

Walianza na zile tatu nzima. Mzee alizipulizia mafuta ya kulegeza, akazigonga vichwa kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Boliti haipigwi, inaamshwa," alisema. "Ukiiamsha kwa ghadhabu, inakulalia."

Akampa muuguzi spana namba kumi na tatu. Aliisukumiza mpaka mwisho, akavuta, na boliti ikalia *ka!* kwa sauti iliyowashtua wote wawili. Nukta nyekundu ikahama mahali pake. Mzee alikaa juu ya tairi, akatazama chini. Muuguzi alisubiri na spana mkononi.

"Endelea," akasema. "Usinitazame mimi, tazama kazi."

Zile zilizolika hazikuwa na pembe za kushikwa. Mzee alichukua nati, akaiweka juu ya kichwa cha boliti, akaichomelea kwa ndani mpaka viwili vikawa kitu kimoja. Moto ule ule ulilegeza gundi ambayo Kaza alipaka kwenye nyuzi za boliti, ile mikato inayoizunguka. Nati ilikuwa na pembe mpya, spana ikapata pa kushika. Moja ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikazunguka nusu, ikagoma, ikatoka kwa kukwaruza, na mzee alipoinyanyua kwenye mwanga akakunja uso. Nyuzi zake zilikuwa zimesagika upande mmoja. Akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hii iliingia upande," akasema polepole. "Aliianza vibaya, badala ya kuitoa akailazimisha. Kisha akajaza gundi nisione!"

"Kaza?"

"Kaza! Nilimuuliza, mbona ya sita imekuchukua muda? Akaniambia, 'Baba, naipa heshima yake.' Heshima! Mwongo mkubwa!"

Muuguzi alimwona mumewe pale pale, na uso wake wa mtu asiyejua lolote, ule aliokuwa akiuvaa kila akivunja kikombe. Kicheko kilimtoka bila ruhusa. Mzee naye akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mabega, mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati, na ikawa hawajui tena wanacheka au wanalia. Mama mkwe alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani kuna aliyeungua. Walipomweleza, alisema, "Hilo alilitoa kwako. Mlango wa choo uliuweka wewe, mpaka leo haufungiki," akarudi jikoni.

Mzee alikusanya boliti sita, akazipima kiganjani, akazimwaga kwenye ndoo ya chuma chakavu.

"Huzihifadhi?" muuguzi aliuliza.

"Chuma kibovu hakihifadhiwi. Tungemtafuta yeye ndani ya boliti mbovu, angetucheka."

Kwa siku mbili alifanya kazi kama mtu aliyechelewa. Tundu lililoharibika alilitoboa upya, likawa pana kidogo, akalichonga nyuzi mpya. Kisha, badala ya kurudisha boliti, alifunga vijiti sita vya chuma vyenye nyuzi, akavichomelea kwa nyuma visizunguke kamwe. Kuanzia sasa kitakachofunguliwa ni nati peke yake, na nati ikiharibika hutupwa, nyingine huvishwa.

Sproketi zenyewe alizikata katikati. Alipitisha diski nyembamba ya kukatia chuma kati ya jino na jino, kila sproketi ikawa nusu mbili, kila nusu na matundu matatu. Muuguzi alishika kichwa.

"Baba, umeikata!"

"Nimeikata. Zamani ilibidi gurudumu litoke, na kitovu chake, ndipo sproketi ivutwe nje. Sasa nusu inaingia kwa juu, nusu kwa chini, kama mtu anayevaa mkanda. Gurudumu halitoki."

Kwenye mnyororo aliweka pingili inayofunguka kwa klipu, na kipande kifupi cha kuongezea, kwa kuwa sproketi kubwa hutaka mnyororo mrefu zaidi. Alimpa koleo. "Klipu mgongo wake uangalie mbele. Ukiigeuza, itakuacha njiani."

Siku ya tatu akakaa kwenye kigoda, mikono amekunja, akamwacha afanye peke yake. Muuguzi alifungua nati, mama mkwe akazishika kwenye kisahani. Nusu ya kwanza, nusu ya pili, mnyororo, klipu. Alikaza mpaka spana ikasema basi, naye akaacha. Mzee alijaribu nati moja moja kwa mkono wake, akarudi kukaa. "Chai," akasema, na ile aliyomiminiwa kazi ilipoanza haikuwa imepoa.

Ijumaa alipanda mlimani mvua ikinyesha. Pale ilipolala siku ile, pikipiki ilinguruma, ikatambaa kama mtu mnene anayepanda ngazi, ikapita. Alianza na zile nyumba nne. Watoto wanne walilia kwa zamu, na mmoja alimkojolea.

Aliporudi nyumbani mvua ilikuwa imekatika na jua halijazama. Wazee walikuwa uani. Aliwasimulia yote, na la kukojolewa akaliongezea chumvi. Mzee alicheka, kisha akakohoa, akainamia kikombe chake.

"Mwanangu, nina neno. Nilipokuwa naikata ile sproketi nilifikiri. Wewe ni kijana bado. Ipo siku utataka kurudi kwenu, au utampata mtu. Sikutaka ubaki hapa kwa sababu ya boliti. Popote utakapokuwa, utaibadilisha mwenyewe."

Mama mkwe aliacha kupepeta mchele.

Muuguzi alivua buti lenye tope, akaliweka kando.

"Sijui kama siku hiyo ipo, baba," akasema. "Ikija, nitakuambia wewe kwanza."

"Na mimi je?" mama mkwe akauliza.

"Wewe, mama, utakuwa umeshajua kabla yangu."

"Hilo kweli," akasema mzee, akamsogezea muuguzi kigoda.