Pudini ya Michembe

Kija alifumba mdomo, akageuza uso ukutani. Kijiko kikabaki hewani mkononi mwa mama yake, Ng'washi, kikidondosha uji wa mahindi ya njano kwenye khanga. Mtoto yule alikuwa na miaka miwili na uzito wa mtoto wa miezi minane. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa, nami nilikuwa mwalimu wa lishe katika zahanati moja pale Igogo, walikolazwa watoto waliodhoofika pamoja na mama zao. Nilitoka Bukoba na cheti kipya na kijitabu cha mapishi kilichoandikwa ng'ambo. Nikawasomea akina mama ukurasa wa pudini: mkate, sukari, maziwa ya kopo.

"Mwalimu," Ng'washi akaniuliza taratibu, "kwetu kule Magu, mkate huo unaota kwenye mti gani?"

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, lakini aibu ilinishika. "Kwenu kuna nini?"

"Michembe. Karanga kidogo. Dagaa, wakiletwa."

Basi tukaitwanga michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Unga wake tukauchanganya na karanga zilizosagwa, yai na maziwa, tukafunga kwenye majani ya mgomba, tukapika kwa mvuke. Hiyo ilikuwa pudini yetu tamu. Katika ile ya chumvi tulitia dagaa waliosagwa na mchicha. Nikawaeleza kwamba viazi vinatia nguvu, lakini karanga, yai na dagaa ndivyo vinavyojenga mwili, na mchicha unaulinda. Sukari peke yake humfurahisha mtoto ulimi tu. Ng'washi alirudia kila neno kwa Kisukuma, midomo ikicheza bila sauti, kama mtu anayesali.

Kija alikula. Lakini alikula kutoka mkononi mwangu. Kwa mama yake aliendelea kufumba mdomo. Siku ya tisa uvimbe ulianza kushuka. Siku ya kumi na mbili alininyooshea mikono akaniita "mayu", kama Wasukuma wanavyowaita mama zao.

Nilikuwa nimeolewa miaka mitano, sijapata mtoto. Nikaanza kwenda zahanati hata Jumapili, nikitoka misa.

Ng'washi aliona. Asubuhi moja akaniwekea mtoto mapajani.

"Mchukue," akasema. "Mama mkwe anadai nimembemenda, eti mimba niliyopata angali ananyonya ndiyo iliyomharibu. Nikirudi naye watanisema mpaka afe. Kwako atapona."

Hakuwa akilia. Moyo wangu ulishaitika. Nilishaona mahali pa kuweka kitanda chake, karibu na dirisha linalotazama ziwa. Ndipo nikaona vidole vya Ng'washi. Vilikuwa bado vimeshika pindo la gauni la mtoto, na havikuachia.

"Si mimba, mama. Ni chakula," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni. "Mlishe wewe. Mimi natoka nje."

Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko. Kija akaniita. Aliniita mpaka sauti ikamkauka, nami nikaushika ukuta kwa mikono miwili nisije nikarudi ndani. Karibu na adhuhuri pakawa kimya. Nikachungulia: alikuwa amekaa mapajani pa mama yake, anatafuna.

Juma lililofuata walipanda lori la pamba kurudi Magu. Sikwenda kuwaaga. Nilisingizia kazi.

Miaka saba ilipita. Nikatumwa kukagua chakula cha wanafunzi katika kijiji kimoja cha ujamaa huko Magu, na uwanjani nikasikia mtu akiita, "Kija Masalu!" Binti mrefu akageuka, akaja na kunipigia goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko shambani."

"Unanifahamu?"

Akanitazama kwa adabu, akajitahidi kweli. "Hapana, mwalimu."

Wenzake walikuwa wakimngoja kwenye mchezo wa rede. Alisimama tu mbele yangu, akisubiri mgeni ampe ruhusa.

"Nenda, mwanangu. Wasije wakaanza bila wewe."

Akakimbia. Mwalimu mkuu, aliyekuwa kando yangu, akaniuliza kama ni ndugu yangu.

"Hapana," nikasema. "Nilipata kumfahamu mama yake."